Herufi U iliyopaa kutoka bahari ya Malindi

Mwezi uliopita alinitembelea hapa Nakuru mwanafunzi niliyemfundisha Kiswahili zamani akiwa kidato cha tatu. Siku hizi anasomea fizikia ya anga, shahada ya uzamili. Alikuja na mkate na maziwa, kama alivyolelewa. Tukanywa chai, tukakumbushana habari za waliooa na waliotutoka, kisha akafungua kipakatalishi chake na kunyamaza kidogo.

"Mwalimu," akasema, "shida yangu si fizikia. Shida yangu ni baba."

Babake ni mkulima wa viazi na minji kule Eburru, milimani kati ya Gilgil na Naivasha. Karo ya binti huyu ilitoka kwenye magunia ya viazi, na mwaka mmoja ikatoka kwa ng'ombe wawili. Kila akienda nyumbani mzee humwuliza: huko chuoni unasoma nini hasa? Naye hujibu: nyota. Nyota gani? Hapo ndipo anapokwama. Anachochunguza ni viini vya galaksi zilizo jirani na yetu, vile vyenye mng'ao mdogo sana, na anavichunguza kwa eksirei. Kwa Kiingereza anaweza kulieleza jambo hili saa nzima bila kumeza mate. Kwa Kiswahili, au hata kwa lugha ya nyumbani kwao, hana sentensi iliyosimama wima. "Ameuza ng'ombe, Mwalimu, na mimi sina hata sentensi moja ya kumpa."

Akanionyesha sura yake ya utangulizi, mahali anapoeleza historia ya elimu hiyo. Macho yangu yakaangukia jina hili: 4U 1820-30. Nikamwuliza maana yake. Tarakimu za mwisho, akasema, ni anwani ya mbinguni: saa 18 na dakika 20 kwa kipimo cha mashariki, digrii 30 kusini. Ile 4 ni toleo la nne la orodha. Na U? "Hiyo niliambiwa ni alama tu ya orodha ya kale."

Nikaweka kikombe chini. Alama tu! Jameni, hiyo U ni yetu.

Msomaji, historia yenyewe inaanzia kwenye kitu unachokijua. Eksirei ya hospitali hupenya nyama ikazuiwa na mfupa, ndiyo maana daktari huona palipovunjika. Mbinguni nako kuna vitu vinavyotoa miale kama hiyo, lakini angahewa yetu huimeza yote kabla haijafika chini. Ni bahati kwa ngozi zetu na ni balaa kwa mtafiti, maana hata akipanda kilele cha Mlima Kenya na darubini yake hataona kitu. Lazima chombo kitoke nje ya hewa kabisa.

Mnamo Juni 1962, Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyehamia Marekani, na wenzake walirusha roketi ndogo kutoka jangwa la New Mexico. Ilikaa juu dakika chache tu ikaanguka. Katika dakika hizo iligundua chanzo kikali cha eksirei upande wa kundinyota la Nge, ambalo wanajimu wa Pwani hulijua kwa jina la Akarabu. Miaka iliyofuata kazi ilikuwa hiyohiyo: roketi inapanda, inachungulia, inaanguka. Ni kama kusoma kitabu kizima kwa mwanga wa radi. Giacconi akadai chombo cha kukaa huko juu, kilizunguke anga lote polepole, usiku na mchana.

Chombo hicho kikatengenezwa, kikapewa jina la kikarani, SAS-A. Kilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, sawa na gunia moja na nusu ya mahindi. Lakini kingerushiwa wapi? Hapa ndipo Kenya inapoingia, na haikuingia kwa hisani. Iliingia kwa sababu ya jiografia. Dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi kwenye Ikweta, takriban kilomita 1,670 kwa saa, kwa hivyo roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki hupewa msukumo wa bure. Isitoshe, setilaiti inayozunguka juu ya Ikweta huepuka eneo la kusini mwa Atlantiki ambako chembe za mnururisho ni nyingi na huvuruga vipimo. Waitaliano, chini ya Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, walikuwa tayari wamesimamisha jukwaa la chuma baharini mkabala wa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Waliliita San Marco, na Aprili 1967 walikuwa wamerusha setilaiti yao wenyewe kutoka hapo.

Basi tarehe 12 Desemba 1970, saa nane kasoro mchana, kikosi cha Waitaliano kiliwasha roketi ya Kimarekani juu ya maji ya Kenya. Nchi nzima ilikuwa katika sherehe: ilikuwa imetimia miaka saba tangu bendera ya Mwingereza ishushwe. Msimamizi wa mradi, mhandisi Marjorie Townsend, akakipa chombo jina la siku hiyo, kwa kuwashukuru wenyeji wake. Akakiita Uhuru.

Hebu tulitazame neno lenyewe, kwa kuwa safu hii ni ya lugha na si ya roketi. Shina lake, *huru*, limetoka kwa Waarabu. Kabla ya wanasiasa wa miaka ya 1950 kulitia mdomoni, Pwani lilikuwa na maana nzito na finyu: huru ni mtu asiye mtumwa. Na Malindi inalijua hilo. Katika karne ya kumi na tisa mashamba ya nafaka ya Malindi yalilimwa na watumwa, na sheria ya kikoloni iliyofuta hadhi ya utumwa katika Pwani ya Kenya ilikuja mwaka 1907. Ukihesabu kutoka 1907 hadi 1970 ni miaka 63. Mtoto aliyezaliwa mtumwa Malindi angeweza, kama Mungu alimpa umri, kukaa ufuoni na kuutazama moshi wa chombo kiitwacho Uhuru. Sidhani Bi Townsend alilifikiria hilo. Lakini maneno hubeba mizigo bila kumwuliza msemaji.

Neno hili, kusema kweli, lilikwisha kuzoea kupanda. Mwaka 1961 Mwenge wa Uhuru uliwashwa juu ya Kilimanjaro, na kilele kirefu kuliko vyote, kilichokuwa na jina la Kaisari wa Ujerumani, kikaitwa Uhuru. Malindi likaendelea kutoka hapo.

Sasa ije sarufi. Kiswahili kililichukua shina la kigeni *huru*, kikalivalisha kiambishi chake cha Kibantu, *u-*, kile kinachounda majina ya hali: utu, umoja, utumwa, ujinga. Hivyo *u-huru*, hali ya kuwa huru. Wanaastronomia walipoanza kuchapisha orodha za vyanzo vilivyogunduliwa na chombo hiki, walihitaji ufupisho. Wakakata. Wakaacha herufi moja, U, na mbele yake namba ya toleo: 2U, 3U, 4U. Toleo la tatu la mwaka 1974 lilikuwa na vyanzo 161, na la nne la mwaka 1978 likafikisha 339. Bila kujua, walilipasua neno pale pale ambapo mwalimu wa Kiswahili angelipasua ubaoni, kati ya kiambishi na shina. Mzizi wa Kiarabu ukadondoka, kiambishi cha Kibantu kikabaki angani. Hadi leo, mtafiti wa Tokyo au wa Leiden akiandika 4U 1820-30 anaandika kiambishi ngeli cha Kiswahili, wala hana habari.

Nilipomwambia binti huyu hayo alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu akauliza swali la kifizikia: je, katika hiyo orodha yetu kulikuwa na viini vya galaksi kama vyake? Hilo nilikuwa sijui, na nusu saa iliyofuata mwalimu alikuwa yeye.

Vilikuwamo. Uhuru kilikuwa kikijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa takriban dakika 12, kikipitisha jicho lake angani kama mtu anayepitisha tochi ghalani. Ukali wa jicho hilo ulikuwa mdogo: upande wake mwembamba ulichukua nusu digrii, yaani upana wa mwezi mpevu unavyoonekana kwetu. Hata hivyo, mnamo 1971 kundi la Giacconi lilitangaza kwamba Uhuru kimepokea eksirei kutoka kwa galaksi ziitwazo NGC 1275 na NGC 4151. Hii ya pili ni mojawapo ya zile alizozieleza Carl Seyfert mwaka 1943, galaksi ambazo kitovu chake kinang'aa kupita kiasi. Iko takriban miaka-nuru milioni 50 kutoka hapa. Mwaka-nuru mmoja ni masafa ambayo mwanga huenda kwa mwaka mzima, na mwanga hauna mzaha: kutoka Nakuru hadi Nairobi ungekwenda na kurudi mara mia kadhaa kabla hujamaliza kutamka "Naivasha".

Nini kinachong'aa pale kitovuni? Shimo jeusi, lenye uzito wa mamilioni ya jua letu, wakati mwingine mabilioni. Shimo lenyewe halitoi mwanga. Gesi inayolizunguka ikielekea kumezwa husuguana, hupata joto la ajabu, na juu yake kuna wingu la moto zaidi linalotoa eksirei. Wenye Kiingereza huita mahali hapo kiini kilicho *hai* au chenye *harakati*. Mimi nimependekeza *kiini amilifu*. Amilifu tunalo tayari katika isimu na halimdanganyi msomaji kwamba kuna kiumbe mle ndani, kama neno hai lifanyavyo.

Uhuru kilizimika Machi 1973, lakini bahari ya Malindi ilikuwa haijamaliza. Oktoba 1974 Waingereza walirusha kutoka jukwaa lilelile setilaiti yao Ariel 5, na ndiyo iliyoonyesha kwamba galaksi za Seyfert, kama kabila zima, ni watoaji wakubwa wa eksirei. Kwa hiyo si NGC 4151 peke yake. Ukitaka kusema kwamba elimu ya viini amilifu kwa eksirei ilizaliwa Ungwana Bay, hutakuwa umetia chumvi nyingi.

Hizo zote, hata hivyo, zilikuwa galaksi zenye makelele. Zile za binti wa Eburru ni za wanyamavu. Mwaka 1982, kwa kutumia chombo kilichoitwa Einstein, Martin Elvis na Leon Van Speybroeck walichunguza kitovu cha M81, jirani yetu wa miaka-nuru milioni 12 hivi, wakaona eksirei za kiini amilifu, ila dhaifu. Baadaye uchunguzi wa galaksi 486 za karibu, uliofanywa kwa darubini ya Palomar kule California, ulikuta dalili za viini vya namna hiyo katika zaidi ya asilimia 40. Maana yake ni nzito. Shimo jeusi kubwa si kioja cha galaksi chache za mbali. Liko karibu kila mahali, ila limelala njaa.

Mbona basi watu wasivione kwa darubini za kawaida? Nilimtolea mfano, naye akaukubali: washa koroboi katikati ya Uwanja wa Afraha saa sita mchana, kisha ukae Menengai uitafute. Mwanga wa nyota zote za galaksi ndio jua la mchana, kiini ndicho koroboi. Tena mara nyingi mbele ya koroboi kuna pazia la vumbi. Ukitazama kwa eksirei mambo mawili hutokea pamoja: nyota za kawaida hufifia karibu zote, na pazia, kama nyama mbele ya daktari, hupenywa. Koroboi inabaki peke yake gizani.

Karibu peke yake. Binti alinisahihisha hapo. Kuna nyota pacha ambamo moja imekufa na inamnyonya mwenzake, nazo hutoa eksirei vilevile, na ukiziona kwa jicho butu utazidhania kiini. Hicho chanzo cha 4U 1820-30 ni mojawapo. Ndiyo sababu kazi yake inategemea Chandra, darubini ya eksirei ya Wamarekani iliyorushwa Julai 1999, yenye jicho kali mara elfu kadhaa kuliko la Uhuru. Data zake hufunguliwa kwa ulimwengu baada ya muda, na yeye huzipakua hapahapa Nakuru, usiku, bando zinapokuwa rahisi. Nilipomwuliza kama angependa kuwa na chombo chetu wenyewe alinyanyua mabega. Aprili 2023 Kenya ilipata setilaiti yake Taifa-1, ya kutazama mashamba na misitu, nayo ikarushwa kutoka California. Zamani tulitoa bahari na jina, wengine wakatoa chombo. Sasa tumetoa chombo na jina, tukakodi roketi upande mwingine wa dunia. Kule Longonot, si mbali na kwao, kuna sahani kubwa za kituo cha setilaiti kilichoanza kazi mwaka huohuo wa 1970, na kwa miaka mingi imezungumzwa habari ya kugeuza mojawapo iwe darubini ya redio. Anaipita akienda Nairobi. Anasema huwa anaihesabu kama mtu anayehesabu ng'ombe wa jirani.

Tukarudi kwa mzee. Tuliandika pamoja aya moja, tukafuta, tukaandika nyingine. Tulikuwa na galaksi, maana kila kitabu cha shule kinalo. Kiini amilifu tulikuwa nacho, na shimo jeusi, ingawa wengine husema tundu jeusi. Wahenga wetu walituachia Zuhura, Mshtarii, Zohali na Kilimia cha wakulima, na wale wanaosema Kiswahili hakina lugha ya anga wajue kwamba mabaharia walikuwa wakiisema kabla shule zao hazijajengwa. Kilichotushinda ni kile kivumishi: mng'ao mdogo. Tuseme kiini *dhaifu*? Lakini shimo lake huenda likawa zito sana, na lililo dhaifu ni chakula tu. Kiini *hafifu*? Ndivyo tulivyoandika, bila furaha. Akaondoka na karatasi.

Jumapili akanipigia simu kutoka Eburru, na nyuma yake nikimsikia mzee akitaka kupewa simu. Msomaji asiyeifahamu Eburru ajue kwamba kule mvuke hutoka ardhini. Maji ni adimu, hivyo watu huutega mvuke huo kwa mabomba, ukapoa, ukawa maji ya kunywa na ya mifugo. Huuoni moto. Juu ni majani na baridi inayouma masikio, na chini yake kunachemka.

"Mwalimu, habari za siku nyingi," mzee akaniambia. "Huyu mtoto amenisomea. Sasa nimeelewa. Wanatafuta moto kwa mvuke."

Nikamwambia ndivyo hasa.

"Lakini hili neno hafifu mlilitoa wapi? Moto wa chini si hafifu. Mke wangu akilala hufukia makaa kwa majivu. Ukiingia jikoni utasema hakuna moto. Huo unaitwa hafifu?"

Nikakosa la kusema. *Kiini kilichofukiwa*? Mwanafizikia atalalamika kwamba kufukiwa kutamfanya mtu afikirie vumbi tu, na hali vingine havina vumbi, vina njaa. Nililiwaza jioni nzima, na bado sijaamua.

Mzee hakuwa amemaliza. Alitaka kujua kama galaksi yetu nayo ina kiini, na kama kiko hai. Nikasikia simu ikirudi kwa binti, akamweleza kwamba kipo, chenye uzito wa jua milioni nne, kimya sana, lakini Oktoba mwaka 2000 Chandra ilikiona kikiwaka ghafla kwa saa chache, na kwamba mawingu ya gesi yaliyo karibu nacho bado yanarudisha mwangwi wa eksirei za mwako mkubwa wa miaka mia chache iliyopita. Alilisema lote kwa Kiswahili, bila kukwama, ila kwenye neno mwangwi, ambalo alilitafuta kidogo akalipata.

"Kama Longonot," mzee akasema. Mlima huo unakumbukwa kutoa moto mara ya mwisho katika miaka ya 1860. "Kwa hivyo kimelala. Na kikiamka?"

"Hiyo iko sura ya nne, baba," binti akajibu. "Sijaimaliza."